Dirisha Jeusi na Sauti ya Stesheni

Kazini kwake dada yangu anaitwa Dirisha Jeusi. Jina hilo hakujipa. Alipewa na wenzake, kwa sababu kila anayepita nyuma ya kiti chake hukuta kwenye kompyuta yake dirisha jeusi lenye herufi nyeupe zinazoteremka, wakati wao wote wana madirisha meupe yenye picha za kubonyeza. Anafanya kazi maabara ya mifugo, chumba cha mwisho baada ya friji za sampuli. Kazi yake ni kuchukua majibu ya vipimo vya damu ya ng'ombe na kuku na kuyapitisha kwenye programu zinazoyapanga na kuyachora. Mimi ni mdogo wake, fundi wa makochi, na haya yote nimeyajua kwa kuelezwa mara nyingi kuliko nilivyoomba.

Programu hizo ziliandikwa na watu wa Unix, yaani watu ambao kompyuta zao huamriwa kwa maandishi. Ofisi nayo ilishaamua kwamba kompyuta zote ni za Windows, na atakayebadilisha atajieleza kwa mkurugenzi. Mwingine angelalamika mpaka kustaafu. Dada aliiweka Unix ndani ya Windows. Ni folda moja tu, lakini ukishaingia humo unakuta amri nyingine, mpangilio mwingine, hata anwani za faili zinaandikwa kwa namna nyingine. Huko nje Windows inaendelea na shughuli zake, haina habari kwamba imepata mpangaji.

Ndani ya folda hiyo kuna kitu kinaitwa meneja wa vifurushi. Hiki nilikielewa upesi kuliko vingine, kwa kuwa nimeoa na nina wakwe. Ukitaka programu, unamwandikia meneja jina la kifurushi chake. Meneja anakujibu kwamba kifurushi hicho hakiji peke yake, kinategemea kingine, na hicho kingine nacho kina wenzake. Umemwalika mtu mmoja tu, anakuja na shemeji yake, mke wa shemeji na mgeni wa mke wa shemeji. Ukijibu ndiyo, wote wanaingia na kila mmoja anaonyeshwa pa kukaa. Tofauti na wakwe zangu, hawa ukimwambia meneja awatoe, wanatoka.

Dada ana masharti yake. Hasasishi programu inayofanya kazi mpaka awe amejaribu toleo jipya kwenye kompyuta ya pembeni isiyo na shughuli ya maana. Na kitu cha asili hakitupi. Maabara hawamwagi damu ya kwanza mpaka jibu la mwisho lithibitishwe, na yeye faili zake huzitendea vivyo hivyo: akitaka kukata, anakata nakala. Ni mtu mkavu. Akifurahi husema “sawa,” akiudhika husema “sawa” hiyohiyo, na inabidi umtazame mabega ndipo ujue ni ipi.

Anaishi na wazazi wetu katika nyumba ya chini yenye sebule ndefu, na jiko lililotengwa na sebule kwa pazia tu. Mimi nakaa mtaa wa nyuma, na kila jioni nikitoka karakana hupita kuwaamkia. Baba alikuwa mtangazaji wa stesheni ya reli mpaka alipostaafu. Watu ambao hawakuwahi kumwona uso walimtii. Akisema rudini nyuma ya mstari, watu wazima wenye masanduku walirudi nyuma ya mstari. Mama alikuwa opereta wa simu wa hospitali, mpaka presha ya macho ilipomnyang'anya macho kidogo kidogo. Sasa haoni hata mwanga wa dirisha. Lakini masikio yake ni yaleyale ya kazini, anakujua kwa pumzi unayovuta kabla ya kupiga hodi.

Ndoa yao ilikuwa ya mdomo tangu mwanzo. Walibishana kuhusu chumvi, kuhusu redio, kuhusu nani kaacha mlango wazi, kuhusu marehemu ambao hawakuweza kuja kutoa ushahidi. Baba akianza sentensi Mama alikuwa ameshaanza kuipinga. Sisi watoto tulilala tukiwasikia, na siku waliyonyamaza ndipo tulipoulizana kuna nini.

Kisha koo la Baba likaanza kukwaruza, na halikupona. Daktari alieleza bila kuzunguka: sanduku la sauti litolewe lote, ama aondoke mwenyewe. Baba alikubali upesi mno, nadhani kwa sababu hakufikiria mbali. Aliyefikiria mbali ni Dada. Tulipotoka hospitali tulikaa kwenye benchi la nje, Baba amekwenda kuchukua dawa, akaniambia, “Mdogo wangu, umewaza lakini? Baba hataweza kusema, na Mama haoni. Akiandika, nani atasoma? Akiashiria, nani ataona?”

Sikuwa nimewaza. Nilikuwa nawaza operesheni.

“Wataishi nyumba moja,” Dada akasema, “na hawatakuwa na njia ya kufikiana.”

Alishasikia kwamba kuna programu za Unix ambazo ukizipa sauti ya mtu aliyesoma sentensi nyingi, zinajifunza sauti hiyo, na baadaye ukiandika neno lolote zinalitamka kwa sauti yake. Kulikuwa na muda mfupi kabla ya operesheni. Dada akaazima kipaza sauti, akatoa viatu vyote chini ya kabati la nguo, akamkalisha Baba ndani yake juu ya kigoda, katikati ya makoti na magauni, maana nguo humeza mwangwi. Juu akamfunika shuka. Mzee mzima na heshima zake alikaa kabatini wiki ile yote, akitoka kunywa maji na kurudi.

“Baba, soma kama unavyoongea,” Dada alimwambia siku ya kwanza.

“Nimesoma mbele ya kipaza sauti wewe hujazaliwa,” Baba akamjibu kutoka gizani. “Washa mashine yako.”

Akakaza mgongo, akakohoa kidogo, akasoma. Sentensi zilikuwa za kila aina, Dada alizichagua ili kila herufi ikutane na wenzake wote. Maji ya bomba yamekatika. Mjomba amenunua jembe jipya. Nyanya zimeoza sokoni. Hata likiwa limechoka, koo lile likiona kipaza sauti lilisimama wima. Tulimsikiliza kutoka sebuleni tukajisikia fahari, na mimi nilisema wazi kwamba hakuna mtangazaji wa redio anayemfikia. Dada akachukua zile rekodi, akaandika amri fupi ya kukata kila moja, mwanzo na mwisho, ibaki sentensi tupu isiyo na kikohozi wala mkwaruzo wa kigoda. Akaipa programu ijifunze.

Baba alirudi kutoka hospitali na tundu shingoni, anapumulia hapo, na pumzi inapiga mluzi mwembamba akitembea haraka. Akitaka kusema na Mama aligonga meza, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Kwa mtu aliyezoea kubishana, ndiyo na hapana ni mshahara mdogo.

Kompyuta ya Baba ni ya zamani, na ni ya Windows. Dada alitaka kuisafisha yote aweke Unix halisi, kazi iwe rahisi. Baba akachukua kalamu akaandika kwenye kipande cha gazeti, “Na karata zangu?” Huwa anacheza karata za kompyuta kila baada ya chai, na mchezo wenyewe ni wa Windows. Dada akasema “sawa,” mabega yakiwa juu, akafanya kama ofisini: folda ndani ya Windows, meneja wa vifurushi, na msururu wa mashemeji.

Hata hivyo haikuwa lelemama. Aliyemfungulia Baba kompyuta hiyo zamani alimwandikisha kwa jina la Mzee wa Stesheni, maneno matatu yenye nafasi katikati. Windows haina ugomvi na nafasi. Zile programu za Unix zikifika kwenye nafasi hudhani jina limeishia hapo, kwa hiyo zikawa zinamtafuta mtu anayeitwa Mzee, hazimwoni, zinagoma. Dada alihangaika nalo siku nzima kabla ya kulibaini, akahamishia kila kitu kwenye folda yenye jina fupi. Halafu spika nazo, ambazo ni mali ya Windows, zikakataa kupokea sauti kutoka kwa mpangaji mpaka kikatafutwa kifurushi cha kuwapatanisha.

Siku ilipokuwa tayari tulikusanyika sebuleni, mimi, mke wangu na Dada. Mama alikaa kwenye kochi nililomtengenezea mwenyewe, mikono mapajani. Baba akaandika kwa vidole viwili, akabonyeza. Spika zikasema, kwa sauti safi, pana, iliyonyooka: “Mama watoto, habari za asubuhi.”

Mke wangu akafuta machozi. Mimi nilipiga makofi. Ilikuwa sauti yake, hakuna aliyeweza kubisha.

Mama akageuza uso, si upande wa spika, upande wetu. “Nani huyo?”

“Ni Baba,” Dada akasema.

“Huyo wa stesheni,” Mama akasema, na hakujibu ile salamu.

Tulidhani ni mshtuko, utapita. Haukupita. Baba aliandika kuanzia asubuhi. Chai imepoa. Umeweka wapi miwani yangu. Jirani anauza kuku. Kila kitu kilitoka kana kwamba kinahusu abiria wote wa behewa la tatu. Hapakuwa na swali ndani ya maswali yake wala manung'uniko ndani ya manung'uniko. Mama alitujibu sisi, alimjibu mpita njia, yeye alimjibu kwa kimya. Nikamwambia siku moja kwamba anamwonea mzee. Nilikuwa nimemkasirikia, na nilimwonyesha.

“Mwanangu, wewe hukuolewa naye,” Mama aliniambia. “Yule wa kipaza sauti alikuwa akimwacha kazini. Hapa mlangoni alikuwa akiingia mwingine, anaburuta viatu, analalamika kabla hajakaa. Huyo ndiye mume wangu. Huyu mnayeniwashia asubuhi simjui, na siwezi kujilazimisha.”

“Lakini anayeandika ni yuleyule, Mama.”

“Mimi naona anayeandika?”

Nilirudi karakana nikapigilia misumari kuliko kochi lilivyohitaji.

Mtu aliyekaa karibu na stesheni hujifunza kutosikia matangazo. Mama naye alishajifunza. Adhuhuri moja alikuwa jikoni, pazia limevutwa pembeni, Baba kwenye kiti chake anamwona na kompyuta mapajani. Dada alikuwa amemwekea kitufe kimoja cha dharura, ukikibonyeza spika zinasema “Acha, usishike.” Mama alinyoosha mkono kwenye jiko akitafuta mfuniko, na mfuniko ulikuwa umeteleza, kilichokuwa mbele ya vidole vyake ni chuma chenye moto. Baba akabonyeza. Spika zikatangaza, taratibu na kwa adabu, “Acha, usishike.” Mama alisikia. Alituambia mwenyewe kwamba alisikia, ila masikio yalilipokea tangazo kama kelele ya siku zote, mkono ukaendelea na safari yake. Vidole vitatu vikababuka.

Nilifika jioni nikamkuta na bandeji. Kompyuta ilikuwa imefungwa juu ya kabati la vyombo, na Baba ameketi akitazama ukuta. Hakuifungua kesho yake wala siku zilizofuata, hata kwa karata. Akarudi kwenye kugonga meza, na baada ya muda hata meza akaiacha. Nyumba ile sikuwahi kuijua na kimya namna hiyo. Dada alilia mbele yangu, mlangoni, bila kujificha, na yeye si mtu wa kulia.

“Nimemtengenezea Baba sauti ya kazini,” akasema. “Nilimsikia wiki nzima mle kabatini, nisigundue.”

“Wote tulimsikia. Mimi nilisifia.”

“Na sanduku la sauti halipo tena. Siwezi kumwambia asome upya.”

Saa za mapumziko ofisini akawa anavaa spika za masikioni na kuzisikiliza rekodi, labda atapata hata sentensi moja ambayo Baba alijisahau. Hakuipata. Kila sentensi ilikuwa imevaa sare. Ndipo alipokumbuka kwamba alizokuwa anasikiliza ni nakala, zile zilizokwisha kupitiwa na mkasi. Akafungua za asili.

Alinipigia simu karakana. “Njoo,” akasema, “njoo sasa hivi.” Nilikwenda hivyohivyo na gundi mikononi. Akanivisha zile spika, pale katikati ya friji za damu, akabonyeza. Nikamsikia Baba anamaliza sentensi ya jembe jipya, kwa sauti ya stesheni. Kisha mgongo ukalegea, kigoda kikalia, na sauti nyingine ikasema kwa kukwaruza: “Ah, hili koti nani kalijaza dawa ya nondo? Mtu anataka kuniua kabla ya daktari.” Kisha akapaza: “Mama watoto! Hilo dirisha la jikoni umelifunga? Mbona hunijibu?” Na mbali, nyuma ya nguo, Mama akisema limefungwa tangu asubuhi. Kisha kikohozi, mgongo ukakazwa tena, na mtangazaji akaendelea kuhusu nyanya.

Nilikuwa nimeisahau ile sauti, na sikujua kwamba nimeisahau.

Kati ya kila sentensi na nyingine Baba alikuwa amenung'unika. Dada ndiye aliyekata vipande hivyo vyote kwa amri yake, akidhani ni takataka. Akavikusanya kimoja kimoja. Jumla yake haikufika hata muda wa mtu kunyoa ndevu. Ile programu ya zamani isingeweza kujifunza kitu kwa akiba ndogo hivyo. Lakini kulikuwa na toleo jipya ambalo huchukua sauti iliyokwisha kujengwa, hiyo ya stesheni, na kuikunja ifanane na vipande vichache unavyolipatia.

Hapo Dada akavunja sharti lake. Hakujaribu pembeni. Kabla ya kwenda kazini aliishusha kompyuta ya Baba kutoka juu ya kabati, akamwandikia meneja wa vifurushi asasishe vyote. Meneja akauliza, akajibu ndiyo, herufi zikateremka, akaiacha mezani ikiendelea akaondoka. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Toleo jipya lilikuja na ndugu zake wapya, wakakaa kwenye viti vya wale wa zamani, na miongoni mwa waliotolewa ni yule mpatanishi wa spika.

Na siku hiyohiyo Baba akaamua kuacha kususa. Mke wangu alikuwa amekwenda kufua, akaona. Alisema Mama alikuwa anabadilisha bandeji peke yake, anashindwa kufunga fundo kwa meno. Baba akamtazama muda mrefu, akasogea mezani, akafungua kompyuta. Akaandika, akabonyeza. Haikutoka hata ile ya stesheni. Kwenye skrini zikaja herufi nyekundu. Akabonyeza tena, na tena. Kisha akafunga kompyuta, akaenda kulifunga lile fundo kwa mikono yake, na Mama akasema “asante,” na hapakuwa na wa kuitikia.

Dada aliposimuliwa hayo jioni hakusema hata “sawa.” Akavuta kiti. Bahati ni kwamba meneja wa vifurushi ni mchoyo wa kheri, kila kifurushi alichowahi kukipokea hukiweka stoo. Dada akamwamuru awarudishe wa zamani mmoja mmoja, akawafunga kwa amri kwamba usasishaji wowote usiwaguse. Akaandika jina la Baba, spika zikalitangaza kistesheni, akashusha pumzi. Kisha akafungua folda ya pili kabisa, yenye Unix yake na meneja wake, akaweka humo lile toleo jipya na ukoo wake wote, wakae bila kuonana na wale wa kwanza. Hivyo ndivyo angefanya tangu asubuhi kama si haraka.

Kujifunza kulichukua siku kadhaa, maana kompyuta ile ni mzee kama mwenyewe. Feni ilivuma usiku na mchana, na Dada akamwomba Baba asiiguse kabisa, hata karata. Baba akatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyemweleza Mama chochote. Dada alisema hataki kumpa tena ahadi, na mimi niliunga mkono, kwa kuwa nilikuwa na hofu. Kama na huyu angemkataa, tulikuwa hatuna mwingine wa kumtengeneza.

Ilikuwa alasiri ya mapumziko. Mama alikuwa kwenye kochi anakunja nguo zilizokauka, anatafuta mishono kwa vidole vyake vizima. Dada akamwekea Baba kompyuta mapajani, akaja kusimama nami karibu na pazia. Baba akaandika, akafuta. Akaandika tena kirefu, akakisoma, akafuta chote. Nilitaka kumfokea. Mwishowe akaandika kitu kifupi, akabonyeza.

Haikuwa sauti nzuri. Ilikuwa na makwaruzo, neno la kwanza lilivutika na la pili likakatika mwishoni, kwa kuwa herufi nyingine hazikuwamo kwenye yale manung'uniko na programu ilizibahatisha. Ilisema kama mtu aliyechoka, anayevua viatu:

“Mbona hunijibu?”

Mikono ya Mama ikasimama juu ya shati. Akageuka, na safari hii hakutugeukia sisi. Uso ulielekea kile kiti.

“Kwani ulikuwa umeniita?”

Baba akainama kwenye kibodi kuandika jibu, kwa vidole viwili, polepole, na Mama akamngoja.